Fundi Mwacheni na Saa ya Serikali

Fundi huyu wa magodoro mtaa mzima ulimwita Mwacheni. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika kabisa, hata mkewe akiulizwa ilimbidi akune kichwa kwanza. Aliitwa hivyo kwa sababu ndilo neno lililotangulia kinywani mwake kila penye kelele. Mtu akipanga maboga kando ya njia bila kibali, watu wakaanza kunung'unika, yeye hutoa kichwa dirishani: "Mwacheni auze! Asiyetaka boga apite." Kinyozi akifungua duka mlango kwa mlango na kinyozi mwenzake: "Mwacheni anyoe! Nywele zinaota kila siku." Hata jogoo wa jirani alipopanda juu ya paa la karakana akawa anaparua bati asubuhi nzima, Mwacheni alikataza asitupiwe jiwe. Alitoka nje akakaa juu ya ndoo, kidevu juu, kutazama jogoo anatafuta nini kwenye bati.

Maana udadisi wake haukuwa wa kawaida. Mtu mwingine akiona kitu kimeharibika huuliza nani atakitengeneza. Mwacheni aliuliza: kikiachwa hivyo hivyo, kitafanya nini?

Wakati mmoja taa za barabarani pale kwenye makutano zilikufa. Watu wakapiga mayowe, wakisema serikali ilale pale pale mpaka taa ziwake. Mwacheni alibeba kigoda, akaenda kukaa kwenye kona siku tatu, akiacha godoro la watu limepasuliwa tumbo. Aliporudi macho yalimwaka kama aliyeona malaika.

"Hawagongani!" akamwambia mkewe. "Siku tatu, hakuna hata kioo kilichopasuka. Dereva anamtazama dereva mwenzake machoni, huyu anapunga mkono, yule anapita. Wanaamkiana! Nimemwona wa lori akimwambia wa baiskeli, 'Tangulia, mkubwa.'"

"Na walipozirudisha taa?" mkewe akauliza, mguu ungali kwenye kikanyagio cha cherehani.

"Siku ile ile! Gari mbili, pua kwa pua, na kila mmoja anapiga kelele kwamba taa ilikuwa yake."

Mkewe huyu ndiye aliyeshona vitambaa vya magodoro, mwanamke wa maneno machache, lakini kila moja lilikuwa na ncha. Alimwacha mume amalize, akakata uzi kwa meno, akasema, "Na sindano ya surua aliyochomwa binti yetu bure pale zahanati, ililetwa na nani? Jogoo?"

Hapo Mwacheni alikohoa, akaanza kutafuta uzi ambao haujapotea.

Lakini msimdhanie kuwa mtu wa roho ngumu. Nyumba ya seremala ilipoungua, kamati ya maafa iliitishwa mara moja, ikakaa, ikaanza kumchagua mwenyekiti. Ilipofika kwenye katibu, Mwacheni alishapeleka magodoro matano, na watoto wa seremala walishakojolea mawili. "Mtu humsaidia mtu," alisema. "Akisaidiwa na karatasi, atamshukuru nani?" Na magodoro yenyewe hayakuwa ya mzaha. Inasemekana mteja mmoja alilala juu ya lake siku ya Jumatatu, akaamka Alhamisi, akamgombeza mkewe kwa kumwamsha mapema.

Karakana yao ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha mawili. Cherehani ilikaa karibu na mlango, meza ya fundi katikati, na kwenye kona ya ndani palikuwa na mkeka. Nyuzi za pamba zilielea hewani kutwa nzima, hata mgeni akikaa saa moja alitoka na nyusi nyeupe, akifika kwake anapewa shikamoo na mkubwa wake. Watu walileta magodoro yao ya zamani yaliyoshikana mabonge. Mwacheni aliyapasua, pamba ikachambuliwa upya, ikapigwa kwa fimbo, ikarudishwa ndani ya kitambaa kipya.

Mchambuaji alikuwa mzee aliyeitwa Konokono.

Konokono alikuwa amefiwa na mkewe, macho yake yamefifia hata kila mtu kwake alikuwa kama moshi wenye viatu. Lakini vidole! Alijaza pamba mapajani, akaifumua tabaka kwa tabaka, na bonge dogo kama punje ya ulezi halikumponyoka. Alishatoa humo vifungo, kibanio cha nywele, jino la mtu mzima, na pete ambayo bibi mmoja alikuwa amemfukuzia mtumishi miaka tisa nyuma. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na ndiyo iliyompa jina. Wachambuaji waliomtangulia walimaliza magunia matatu kwa siku. Konokono alimaliza moja. Mwacheni alimlipa kwa gunia, wote wawili wakaridhika, na mambo yakaenda hivyo miaka kumi na mmoja.

Tena Mwacheni alimpenda kwa jambo jingine: alikuwa msikilizaji. Fundi alishona na kuhubiri tangu asubuhi. Bei za mahindi zisipangwe ofisini. Vibali vya kazi ni vya kuwalinda waliokwisha kuvipata. Mtu mzima na mtu mzima wakikubaliana, wa tatu anatafuta nini katikati? Na kila alipofika mwisho wa hoja aliinua sindano juu na kuuliza, "Au siyo, kaka?"

Konokono huinua uso kutoka kwenye pamba. "Ndiyo, fundi," hujibu, au, "Hapo sina hakika," na Mwacheni huanza upya kwa furaha.

Hawakula kwa saa maalumu. "Tumbo langu lina serikali yake," Mwacheni alisema. "Likiita, nakwenda. Sheria ya saa ya chakula ni ya watu wasioyajua matumbo yao."

Basi, asubuhi moja akaingia binti mmoja mwenye mkoba wa ngozi na viatu vilivyotembea sana. Alikuwa mkaguzi wa kazi. Hakuwa mkali, aliwaamkia wote, akapewa kigoda, akatazama kila kitu kwa macho ya mtu anayetaka kujua hasa, akauliza pamba hii inatoka wapi na kwa nini sindano imepinda. Mwacheni alimpenda papo hapo, ikamuudhi kumpenda.

Kisha binti akageukia kona. "Na mzee huyu analipwaje?"

Akaambiwa.

"Anakaa hapa kutwa?"

"Kutwa."

"Basi, baba, sheria inasema mtu anayekaa kazini kutwa alipwe kima cha chini cha kutwa. Anachopata ni theluthi yake."

"Ni kwa kuwa anachambua theluthi, mwanangu."

"Sheria haihesabu magunia."

Mwacheni akachomeka sindano kwenye godoro, akakaa sawasawa kama mtu aliyeletewa keki. "Nikuulize. Ukienda sokoni, ukakuta nyanya imebonyea upande, utainunua kwa bei ya nyanya nzima?"

"Mtu si nyanya, baba."

"Ndiyo maana nasema asipangiwe bei!"

"Asipopangiwa na sheria," binti akajibu taratibu, "atapangiwa na mwenye karakana."

Cherehani ikasimama. Mkewe Mwacheni aligeuza shingo akamtazama binti yule kwa mara ya kwanza, kama anayempima nguo.

Mkaguzi akaeleza njia zilizopo. Ama mzee alipwe kima kizima, ama aachishwe. Akiachishwa hatatupwa, ipo posho ya wazee wasio na kazi, yeye mwenyewe atamwandikisha. Ila posho ile haichanganywi na kazi. Anayeipokea asionekane akishika hata gunia moja la watu. Akawapa siku saba wafikiri.

Alipoondoka, Mwacheni alianza kufoka. Kima kizima kwa gunia moja, karakana itafungwa kabla ya mwaka kwisha, na hapo wote watatu wakapange foleni ya posho! Na mtu mwenye vidole vile akalipwe ili asivitumie! Tangu lini kukaa bure kukawa msaada?

"Mlipe tu, bwana," mkewe akasema.

"Nimlipe kwa nini? Kwa pamba ambayo hajaichambua?"

"Mlipe kwa miaka kumi na mmoja ya kukusikiliza. Mimi nisingekubali kwa kima hicho."

Siku saba zile Mwacheni alikonda hata mkanda ukazunguka mara mbili. Kila asubuhi alitoka nyumbani amepiga moyo konde kwamba leo atamwambia mzee abaki nyumbani kwake. Kila alipofika alimkuta Konokono ameshakaa kwenye mkeka, gunia kulia, gunia kushoto, fulana imefuliwa safi. Mke wa mzee alikuwa amekufa, watoto wametawanyika, na chumba alichopanga kilikuwa na dirisha linalotazama ukuta. Hapa ndipo alipokuwa na sauti za watu. Badala ya kumwambia, fundi akahubiri juu ya ushuru wa nguo za mitumba.

Siku ya saba mkaguzi akarudi, saa mbili asubuhi.

"Mmeamuaje, baba?"

Mwacheni akafungua mdomo. Akaeleza kwamba Konokono hawezi kuishi bila kazi. Mkewe akasema Konokono anastahili malipo kamili. Mkaguzi akasema Konokono analindwa na sheria. Mwacheni akasema Konokono hahitaji kulindwa. Watu watatu wakamgombania Konokono kama shuka fupi, mpaka binti akanyamaza ghafla, akageukia kona.

"Mzee, kwani wewe mwenyewe unasemaje?"

Konokono aliweka pamba chini.

"Miaka kumi na mmoja," akasema, "leo ndiyo naulizwa."

Mwacheni aliona uso unamwaka moto. "Kaka, si kila siku nakuuliza? Au siyo, kaka?"

"Hiyo ndiyo taabu yenyewe, fundi." Mzee alijifuta vidole. "Mimi si mzito. Naifumua pamba kwa tabaka, na macho sina. Nakumbuka kwa vidole nilipofika. Unapotaka jibu, inabidi nifikiri, maana mambo yako si ya kuitikia kijinga. Nikifikiri, vidole vinasahau. Narudia tabaka lile tangu mwanzo. Kila 'au siyo, kaka' moja ni tabaka moja."

Mkewe Mwacheni alijifunika uso kwa kitambaa cha godoro, mabega yakitikisika.

"Ukinyamaza," Konokono akaendelea kwa upole, "nachambua matatu. Pengine na zaidi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unalipa kwa gunia. Gunia moja lilinitosha, na maneno yalikuwa matamu. Nikaona nanunua maneno kwa magunia mawili. Sikuona kama ni ghali."

Mkaguzi akauliza kama ameelewa vizuri. Akaambiwa ameelewa. Akavua koti, akakaa juu ya godoro lililoshonwa nusu. "Basi tujaribu leo," akasema. "Mimi nataka kuona."

"Na mimi," akasema Mwacheni, kwa maana udadisi ulimshinda hata aibu.

Wakaanza. Lo! Nani asimulie mateso ya Mwacheni akilazimika kunyamaza? Konokono aliinama, na vidole vikaondoka. Mwanzoni vilikwenda kama vya mtu anayepiga kinanda, kisha havikuonekana tena. Pamba ilipanda mapajani kama maziwa yanayochemka. Kabla ya saa nne gunia la kwanza lilikuwa limesimama mlangoni. Mwacheni aliliona, akainua sindano, akavuta pumzi ya kusema, mkewe akamkodolea macho. Akaishusha.

Ndipo likapita gari la vipaza sauti, la mgombea mmoja, likitangaza kwamba akichaguliwa atateremsha bei ya sukari kwa amri, siku ya kwanza, kabla ya chai. Na balaa lilivyo, likapasuka tairi pale pale mbele ya mlango. Sukari kwa amri! Sukari kwa amri! Mishipa ya shingo ya Mwacheni ilisimama kama kamba za hema. Alishona kwa hasira, akashona, akashona, na gari lilipoondoka akajaribu kusimama, godoro zima likasimama naye. Alikuwa amejishonea mkono wa shati kwenye kitambaa, mishono arobaini, ya mstari ulionyooka kuliko yote aliyowahi kushona maishani.

Hakusema neno. Alitembea mpaka kwenye ndoo ya maji, akanywa, akarudi, godoro likimfuata kama bibi harusi.

Gunia la pili lilijaa muda mfupi kabla ya saa sita. Mkaguzi akatazama saa ya mkononi. "Simameni," akasema. "Sheria inatoa saa moja ya kupumzika. Kazi haifanyiki. Mtu anaruhusiwa kula, kulala, au kuzungumza."

"Kuzungumza?" Mwacheni akauliza kwa sauti iliyokauka.

"Apendavyo."

Wenye kuongeza chumvi wanadai maneno yaliyotoka hapo yalipeperusha pamba mpaka mtaa wa pili. Alianza na sukari. Akasema bei ikishushwa kwa amri, sukari nayo hutoroka kwa hiari, na waliokuwa wakiinunua ghali hawataiona hata kwa ndoto. Konokono, vidole vimelala magotini, alisikiliza kwa raha, kisha akajibu. Na kumbe mzee, akiwa hana tabaka la kukumbuka, alikuwa na majibu marefu! Akauliza: sawa, na mwenye ghala anayeficha sukari makusudi, naye aachwe? Mwacheni akasema aachwe, ila asizuiwe mwingine kufungua ghala jirani. Mkaguzi akasema kufungua ghala si kama kufungua mdomo. Walicheka, wakabishana, chakula kikapoa. Saa saba kamili Konokono akasema, "Tumefika," akavuta gunia la tatu.

Hata kufunga kazi jioni, magunia matatu yalikuwa mlangoni na la nne limefika kiunoni.

Mwacheni alikata mishono ya shati lake, mmoja mmoja. Alifikiri. Halafu akasema kwamba ni haki: mzee anachambua kuliko wote waliomtangulia, atalipwa kima kizima na ziada ya lile gunia nusu, na wala si kwa kuogopa mtu. Konokono akaitikia kwa kichwa. Mambo yalikuwa yamekwisha, na mkaguzi alishavaa koti lake, lakini fundi akamsimamisha mlangoni.

"Mwanangu, nijibu kabla hujaenda. Na kama angekuwa mzito kweli? Mtu wa gunia moja, na hilo moja analifanya kwa moyo wote. Ungemtoa?"

Kalamu ya binti ilibaki hewani. "Ningemtoa," akasema mwishoni. "Akapokee posho."

"Na akachambue nini?"

Binti alifungua daftari lake, na badala ya kuandika jibu, akaliandika lile swali, lote, kama alivyoulizwa.

"Andika na langu," mkewe Mwacheni akasema kutoka kwenye cherehani, lakini alikuwa anamtazama mumewe. "Bila binti huyu kuingia na sheria zake, wewe bwana ungemuuliza mzee lini?"

Mwacheni alikohoa. Alitazama chini akitafuta uzi. Safari hii hakujifanya ameupata. "Sijui," akasema. "Nisingejua hata kwamba kuna swali."

Siku zilizofuata karakana ilikuwa kimya, na magunia yakajaa. Lakini hata wiki haikuisha, Konokono akaanza kununa. Asubuhi moja akasema anaomba apunguziwe mshahara, arudishiwe maneno yake.

"Haiwezekani," akasema mkewe Mwacheni. "Sheria."

"Unaona?" Mwacheni akaruka. "Unaona sasa? Mtu mzima na mtu mzima..." Vidole vya Konokono vikasimama. Fundi akajiziba mdomo kwa kiganja.

Mchana huo alikwenda dukani, yeye ambaye hakuwahi kumiliki hata saa ya mkono, akarudi na saa kubwa ya ukutani yenye mlio wa kengele. Akaitundika juu ya mlango mahali anapoweza kuiona akiwa kazini. Tangu siku hiyo, ikikaribia saa sita mishono yake hupanuka, macho yapo ukutani. Kengele ikilia, hutupa sindano: "Saa ya serikali hiyo! Wekeni pamba chini!" Na haruhusu mtu aongeze hata dakika moja ya kazi. Mkaguzi naye, kazi zake zikimpitisha njia ile, huhakikisha zinampitisha saa sita.

Siku moja walikuwa wamefika katikati ya swali la taa za barabarani, Mwacheni amesimama juu ya kigoda, mkono mmoja dereva wa lori, mkono mwingine baiskeli, na ndiyo kwanza anaeleza walivyopungiana, kengele ya saa saba ikalia. Konokono akavuta gunia lake.

"Kaka, bado kidogo!"

"Saa ni saa, fundi."

Mwacheni alibaki juu ya kigoda, mikono hewani. Akatazama saa. Akamtazama mkewe, ambaye tayari mguu ulikuwa kwenye kikanyagio. Mwisho akamgeukia mkaguzi, akainama kidogo, na sauti akaishusha kama anayeomba chumvi kwa jirani.

"Mwanangu," akasema, "huko serikalini kwenu, hakuna mtu unayeweza kumwambia aongeze japo robo saa?"

Mkewe alicheka hata sindano ya cherehani ikavunjika, na vipande vyake, wanasema, Konokono alivitoa kwenye pamba mwaka mzima baadaye.